Naomba ushauri: kaseti za dansi zilizorekodiwa ukumbini, nizihamishie vipi kwenye kompyuta bila kuziharibu?

Mpenzi_wa_Chemko (mleta uzi):
Wakuu, habari za leo. Kuna kaseti 43 zilizorekodiwa kwa redio kaseti katika kumbi za Dar es Salaam. Nyingi ni za bendi za Sikinde (yaani Mlimani Park) na Msondo, chache za Vijana Jazz na Maquis. Karibu zote ni C60 na C90 (za dakika 60 na 90), ila tano ni C120. Sauti si safi kama ya rekodi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), lakini zina kitu ambacho redioni hukipati: chemko (ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka) linaloachwa liende, magitaa ya solo na second solo yanajibizana, tumba inapanda, mwimbaji anataja majina ya walio mezani, na hakuna anayeangalia saa.

Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta na kuwagawia wapenzi wengine. Nianze na kifaa gani? Nne zimeota ukungu mweupe. Majalada mengi hayana tarehe, kwa hiyo nitajuaje ni za miaka gani? Na nizigawe vipi bila kuwakosea wanamuziki?

Fundi_Deki:
Mkuu, kabla ya chochote vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kaseti. Vikishavunjika, deki haiwezi kurekodi juu yake hata kitufe chekundu kikibonyezwa kwa bahati mbaya.

Achana na vile vicheza kaseti vidogo vya USB vya bei chee. Mota zake zinayumba, na gitaa linasikika kama linatetemeka ndani ya maji. Tafuta deki ya mezani iliyotumika, kisha mpelekee fundi abadilishe belti na kukagua ile raba inayoubana mkanda. Belti ikilegea, kasi inashuka. Raba ikiwa ngumu na inang'aa, deki itakula mkanda, na mkanda ulioliwa haunyooki tena vizuri.

Hedi (kile kichwa kinachosoma mkanda) isafishe kwa pamba na isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kawaida ya asilimia 70 ina maji mengi. Safisha pia kile kipini cha chuma kinachozunguka mbele ya raba. Raba yenyewe ipanguse kwa maji yenye sabuni kidogo, uikaushe. Kaseti za umri huo zinamwaga unga wa kahawia, hivyo rudia usafi kila baada ya kaseti mbili. Hi-hat (matoazi ya ngoma) zikizimika ghafla katikati ya wimbo, usiilaumu kaseti kwanza, angalia hedi.

Sasa jambo ambalo wengi wanaliruka, na ndilo linaloamua kama utasikia gitaa la rhythm au utasikia blanketi. Hedi ya redio kaseti iliyorekodi huenda ilikaa upande kidogo tu. Hedi ya deki yako imekaa wima. Tofauti hiyo ndogo inakula sauti zote kali. Ukifungua kifuniko utaona skrubu mbili pembeni mwa hedi, na moja ina springi chini yake. Hiyo yenye springi ndiyo ya kurekebisha. Weka alama ya kalamu mahali ilipokuwa, ili uweze kurudi. Cheza sehemu yenye hi-hat na maraka, unganisha njia mbili za sauti ziwe mono, halafu zungusha polepole kwa bisibisi ndogo isiyo na sumaku, isizidi robo mzunguko. Kuna mahali sauti itafunguka ghafla. Ukipitiliza itaziba tena, rudi nyuma. Sababu ya kusikiliza kwa mono ni kwamba hedi ikiwa upande, njia moja inachelewa kidogo nyuma ya nyingine, zikijumlishwa zinafutana, na sikio linalitambua kosa upesi zaidi.

Fanya hivyo kwa kila kaseti na kwa kila upande. Dolby (kipunguza kelele cha deki) izime kabisa, kwa sababu redio kaseti hazikurekodi nayo na ukiiwasha itazidi kuziba.

Dada_Bendi:
Naongezea kwa hizo zenye ukungu. Usiziweke kwenye deki nzuri wala kwenye kabati moja na nyingine. Fanyia kazi nje au dirishani ukiwa umevaa barakoa, maana vumbi lile ni baya kwa kifua. Ukungu ukiwa kwenye ganda tu, fungua skrubu tano, hamisha vigurudumu na mkanda wake kwenye ganda jipya la skrubu. Ukiwa juu ya mkanda, utembeze mkanda taratibu huku ukipita kwenye kitambaa laini kikavu, kisha ucheze kwenye deki ya pili ambayo hujali ikichafuka.

Pia chungulia kile kipedi cha sufi kilicho mbele, katikati ya ganda. Gundi yake huisha na kipedi kikidondoka mkanda haugusani na hedi sawasawa, sauti inakuwa mbali na inakatika. Toa kipedi kutoka kaseti isiyo na kazi, ubandike. Mkanda ukikatika, unga kwa tepu maalumu ya kaseti. Selotepu ya dukani inatoa gundi kwenye joto na itagandisha mizunguko ya jirani.

Hizo C120 usizikimbize mbele na nyuma kwa mota. Mkanda wake ni mwembamba sana, karibu nusu ya ule wa C60. Zungusha kwa kalamu ya Bic.

Mtunza_Faili:
Upande wa kompyuta: toa waya wa nyekundu na nyeupe kutoka tundu la LINE OUT la deki hadi kadi ya sauti ya USB yenye LINE IN. Tundu la maikrofoni la laptopu halifai, mara nyingi ni mono na linapasua sauti. Laptopu itumie betri wakati wa kurekodi. Chaja ikiwa kwenye umeme huo huo na deki, mara nyingi unapata mngurumo wa chini.

Rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, kHz 48, stereo hata kama kaseti ni mono. Mkanda wa mono umeandikwa kwa upana unaofunika njia zote mbili za deki yako, kwa hiyo una nakala mbili za sauti ileile. Ukingo wa mkanda huumia kwanza, na mara nyingine njia moja itakuwa nzima pale nyingine inapokatika. Utachagua baadaye. Sauti ya juu kabisa ifike desibeli -6, isiguse sifuri. Wapigaji hupandisha moto kwenye chemko, kwa hiyo pima hapo, si kwenye utangulizi wa wimbo.

Hesabu ya nafasi: dakika moja ni takriban MB 17. C90 nzima ni karibu GB 1.6. Kaseti zako 43 hazitazidi GB 75. Weka kwenye diski mbili tofauti, na nakala ya tatu nyumba nyingine.

Faili ghafi usiliguse. Kusafisha kufanyike kwenye nakala, na kwa huruma: punguza ile shhh kwa desibeli 6, basi. Ukizidisha, matoazi yanageuka maji na makofi ya watu yanakuwa kama mafuta yanakaangwa.

Mpenzi_wa_Chemko:
Shukrani sana wakuu. Nina swali jingine. Kaseti moja ya Sikinde waimbaji wanasikika na sauti nyembamba, na kuelekea mwisho wa upande wanazidi kuwa nyembamba. Deki ni ileile, kaseti nyingine ziko sawa.

Fundi_Deki:
Hizo ni betri zilizokuwa zinaisha ukumbini. Redio ilikuwa inazunguka polepole wakati wa kurekodi, sasa deki inazunguka kwa kasi sahihi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo kila kitu kinapanda.

Tafuta mngurumo wa amplifaya za magitaa, hasa katikati ya nyimbo wakati hawapigi. Umeme wetu ni hezi 50. Kwenye Audacity (programu ya kurekodi na kuhariri sauti) fungua mchoro wa masafa, weka ukubwa 65536, uangalie kilele cha chini. Kikiwa 52 badala ya 50, kaseti inakwenda haraka, basi rekebisha kwa kuzidisha kasi kwa 0.962. Tumia kubadili kasi, si kubadili toni peke yake. Angalia usipime mngurumo wa deki yako mwenyewe: simamisha mkanda, na kilele kikibaki palepale ni cha kwako. Kwa kuwa betri zilikuwa zinashuka, kata nakala wimbo kwa wimbo na upime kila mmoja peke yake. Ukumbi ukiwa ulitumia jenereta kipimo hiki hakiaminiki, linganisha na toleo la RTD la wimbo huohuo.

Sikio_la_Zamani:
Kuhusu tarehe, anza na jina la bendi linavyotamkwa jukwaani. Msondo ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ikawa JUWATA, kisha OTTU, ndipo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, na jina la DDC (Shirika la Maendeleo Dar es Salaam) likaingia 1983 ilipochukuliwa na shirika hilo. Wakitaja DDC, hujashuka chini ya 1983.

Halafu sauti za waimbaji. Muhidin Gurumo alitoka NUTA, akawa Mlimani Park tangu 1978, mwaka 1985 akaenda bendi ya Safari Sound kwenye mtindo wa Ndekule, baadaye akarudi Msondo. Ukimsikia pamoja na Sikinde, umebaki ndani ya miaka michache. Hassan Bitchuka ni mgumu zaidi kwa sababu amehama zaidi ya mara moja, asikupe mwaka peke yake. Ukimsikia Hemed Maneti na Vijana Jazz, haizidi 1990, mwaka aliofariki. TX Moshi William naye, haizidi 2006, kwa sababu hiyohiyo. Gitaa la nyuzi 12 likilia juu ya yote, mfikirie Ndala Kasheba kwanza.

Na hakikisha kila kaseti kweli ni ya ukumbini. Nyingine zitakuwa zimerekodiwa kutoka redioni. Dalili zake ni mtangazaji, mluzi wa masafa ya kati, na wimbo kukatwa bila makofi. Usiandike mwaka kwa kukisia. Andika "kati ya 1983 na 1985" na sababu yake.

Dada_Bendi:
Kwenye kugawa: mwenye kaseti anamiliki plastiki, si muziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi na pia mpigaji. Msondo na Sikinde zipo hadi leo, viongozi wao wanafikika, na COSOTA (ofisi ya hakimiliki) wanaweza kukuelekeza kwa warithi. Waombe kwanza, na uwapelekee nakala wao kabla ya yeyote. Usiuze hata moja.

Wapenzi wa bendi ya Grateful Dead kule Marekani wana mazoea ya kuiga. Bendi iliwatengea warekodi eneo lao mwaka 1984, kwa sharti la kubadilishana bila fedha, na kila rekodi husafiri na nasaba yake. Yako iandikwe hivi ndani ya faili la maandishi: redio kaseti mono, maiki ya ndani, kaseti C90, deki, kadi ya USB, Audacity, WAV 24/48, kasi imerekebishwa au haijarekebishwa. Kwa kugawa tumia FLAC, inayopunguza ukubwa wa faili bila kupoteza sauti. Ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo inaweza kubanwa tena.

Mpenzi_wa_Chemko:
La mwisho: pande nyingi zinaisha katikati ya chemko, na upande B unaanza likiwa bado linaendelea. Niziunge zisikike kama wimbo mmoja?

Mtunza_Faili:
Ghafi ziache mbili. Kwenye nakala ya kusikiliza unaweza kuziweka mfululizo, lakini acha kimya cha sekunde mbili pale mkanda ulipogeuzwa. Wakati mkono unageuza kaseti solo alipiga kitu ambacho hatunacho, na msikilizaji ajue kipo kilichokosekana. Usififishe sauti mwishoni. Ile "tak" ya kitufe kuruka mkanda ulipokwisha, iache pia.