Mrejesho: Detekta ya dhahabu kwenye mvua za Chunya

Wakuu, asanteni. Niliuliza namna ya kukinga detekta ambayo koili yake (sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi) inaweza kuzama majini lakini boksi la umeme halivumilii hata manyunyu. Karatasi ya nailoni juu ya boksi inatosha, mradi chini pabaki wazi. Ukifunga kote, mvuke hugeuka jasho ndani.

Kelele za uongo nilizokuwa nazipata (detekta kulia bila kitu ardhini) zilitoka kwenye kava ya koili: tope lenye chuma lilinasa humo. Ivue, suuza, kausha, rudisha.

Jioni toa betri, kausha boksi kivulini, kisha lihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu). Usitumie mchele badala yake, unaacha vumbi tu. Oringi (pete za mpira) za plagi zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya gari inaweza kuvimbisha mpira.