Nguvu ya bomu wanaijua, faili la mzee eti "liliungua"

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nalea wazee huku Marekani. Kuna mmoja ana miaka 87, namwogesha mimi. Mwaka 1957 alikuwa kuruta, wakampeleka jangwa la Nevada. Alfajiri ya 31 Agosti likalipuliwa bomu la nyuklia walilolipa jina Smoky. Anasema baadaye walitembezwa kwenye vumbi lile lile kama wanaenda gwaride. Sasa ana saratani ya damu.

Binti yake kaomba fidia serikalini. Jibu limekuja: leta ushahidi kwamba alikuwepo.

Ushahidi si mnao nyie? Au mlikuwa nao! Jengo la mafaili ya wanajeshi pale St. Louis liliwaka tarehe 12 Julai 1973. Zikateketea rekodi milioni 16 mpaka 18. Kwa waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960, asilimia 80 ni majivu, na mzee alitoka 1959. Nakala hakuna. Mama yangu kijijini alikuwa na kopi mbili za kadi yangu ya kliniki!

Na asije mtu hapa na "ajali haina kinga". Mafaili yote hayo, halafu hakuna mabomba ya kuzimia moto darini. Hapo mnasemaje?

Kinachoniuma zaidi ni kiapo. Waliapishwa wasiseme, na sheria ya kuwafungua mdomo imekuja 1996. Karibu miaka 40 mzee anaingia kwa daktari, anaulizwa kama amewahi kukaa karibu na mionzi, anasema hapana. Kwa hiyo hata faili la hospitali ni tupu.

Sheria ya 1988, ile ya fidia kwa wanajeshi waliopigwa na mionzi, inataja ugonjwa wake. Haidai kipimo cha mionzi, inadai tu uthibitishe ulikuwepo. Tu! Smoky ilikuwa na nguvu ya kilotani 44, hiyo imeandikwa na kutunzwa vizuri kabisa.

Mwenye uzoefu wa kupata ripoti za asubuhi za kikosi (zile kumbukumbu za kila siku za askari wa kikosi) aniambie zinachukua muda gani. Ushahidi wa askari mwenzake pia unakubalika, ila amebaki mmoja, yuko Ohio, na anasahau sana. Binti atampigia kesho mapema, kabla akili yake haijachoka.