Kocha anataka ninunue kopo la unga wa kuongeza uzito la 7,500, nitoe pesa ama nirudi kwa mayai?

Mzito_wa_Umoja:
Habari zenu wasee. Niko Umoja, miaka 23, kilo 61, napiga chuma tangu Januari kwa jimu moja ya mabati hapa mtaani, nusu ya vyuma ni mikebe ya rangi imejazwa simiti lakini kazi inafanyika. Mikono imeanza kuonekana ila uzito umekwama, miezi mitatu sijaongeza hata nusu kilo. Kocha anasema nichukue masi geina, ule unga wa kuongeza uzito, kopo la kilo 3 ni shilingi 7,500, ananiruhusu nilipe mara mbili. Nyuma imeandikwa kila gramu 100 kuna protini 15 na wanga 78. Mimi ni wa mjengo, siku nzuri naenda nyumbani na 800, kwa hivyo hiyo ni jasho ya karibu siku kumi. Asubuhi nakunywa chai na mandazi mbili, mchana githeri pale saiti, usiku ugali sukuma. Msee mwingine anasema nichukue wei, ule unga wa protini, mwingine ati kreatini ya kupa misuli nguvu ndio poa, halafu kuna anayesema inaua figo. Nianze na gani?

Dada_Lishe:
Mdogo wangu, usilipe hata ile nusu ya kwanza. Nafanya kazi ya lishe kliniki moja huku Kayole na haya makopo naletewa kila wiki na vijana kama wewe. Tupige hesabu na hizo namba zako. Kilo 3 ni gramu 3,000, kwa kila 100 protini ni 15, kwa hivyo kopo zima lina gramu 450. Yai moja lina kama 6. Hayo ni mayai 75, yaani trei mbili na nusu, na huku kwetu trei ni 420 kwa hivyo ni 1,050. Sasa hiyo 6,450 nyingine unalipia nini? Maltodekstrini, wanga uliovunjwavunjwa hadi ukifika tumboni unafanya kazi kama sukari. Itakuongeza uzito ndio, lakini hata chapati itakuongeza.

Shida yako naiona kwa sahani. Unabeba mawe kutwa, jioni unaingia jimu, na umetoka nyumbani na mandazi mbili! Anayepiga chuma anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwako ni kama 98 kwa siku. Mayai manne 24, maziwa nusu lita 16, ndengu kikombe zikiwa zimeiva 14, maharagwe kikombe 15, njugu karanga ngumi mbili kama 12, hapo uko 81 na hujakula usiku, sasa huo ugali upate omena, sukuma peke yake haitoshi. Na yule mama wa githeri muongezee shilingi kumi akupimie maharagwe mengi mahindi kidogo, wengi wanakubali.

Wei si mbaya, kijiko chake kimoja kina protini 20 hadi 25, ni vile tu inatoka kwa maziwa, ni yale maji yanayobaki jibini ikitengenezwa, kwa hivyo kama maziwa yanakuvimbisha tumbo hata wei ya bei rahisi itakusumbua. Mala, yaani maziwa yaliyoganda, huwa inakaa vizuri kwa wengi.

Chuma_Ngara:
Dada amemaliza, mimi naongezea ya kreatini tu. Nimeitumia miaka minne. Chukua ile aina ya kawaida inayoitwa monohidreti, gramu 3 hadi 5 kila siku hata siku hujaenda jimu, hakuna haja ya kuanza na dozi kubwa. Wiki za kwanza unaweza kuongeza kilo moja au mbili, ni maji yameingia kwa misuli usidhani ni nyama. Ile stori ya figo inatoka hapa: ukipimwa damu kreatinini inaweza kupanda kwa sababu ndiyo mabaki ya kreatini, na ndiyo daktari huangalia kujua hali ya figo, kwa hivyo kama hajui unatumia anashtuka, basi mwambie mapema. Lakini kama una shida ya figo tayari usiguse kabla hujaongea naye.

Mama_Wawili:
Kijana wangu, angalia pia nani anakuuzia. Ndugu yangu mdogo aliuziwa tembe za waridi na mtu wa jimu, zimefungwa kwa karatasi ya nailoni, hazina jina, akaambiwa ni vitamini za misuli. Miezi miwili mwili ukajaa kweli, halafu mgongo ukajaa chunusi na matiti yakaanza kuvimba na kuuma, akawa analala na shati kwa aibu. Daktari akatuambia hizo ni homoni. Nilikasirika na bado nimekasirika, kwa sababu alikuwa na miaka 19 na alimuamini yule mtu. Kitu hakina lebo usiweke mdomoni. Kikiwa na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ile namba ya chini itume kwa SMS 20023 uone kama ni halali.

Mzito_wa_Umoja:
Asanteni sana dada, mama, na wewe wa Ngara. Nimemwambia kocha sichukui, amenuna kidogo lakini tumeachana vizuri. Nimenunua trei moja na kilo mbili za ndengu. Swali moja tu, mayai manne kila siku hayana shida ya kolesteroli?

Dada_Lishe:
Kwa umri wako na kazi yako sina wasiwasi, ila kama kwenu kuna mtu ana historia ya moyo au sukari pimwa kwanza. Chemsha, usikaange na mafuta mengi. Na ujipime uzito kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai, baada ya wiki nne uniletee namba hapa.