Mjadala: Sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ni ya kwetu kweli, na vitisho vya wahisani vinamsaidia nani?

MWANZISHA MADA, Kigoma Mjini

Ndugu zangu, nauleta mjadala huu nikiwa Kigoma, kwa sababu historia ya mji huu inaonyesha jambo ambalo ukiwa Dar es Salaam si rahisi kuliona. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka kutoka kwa Wajerumani, wakaushikilia hadi 1921 walipowakabidhi Waingereza. Sheria za Wabelgiji zilikuwa na asili ya Ufaransa, nchi iliyofuta kosa la mapenzi ya jinsia moja mwaka 1791, na ndiyo maana hadi leo ng'ambo ya ziwa, Kongo, hakuna kifungu kinachotaja tendo la hiari kati ya watu wazima wa jinsia moja kuwa jinai. Sisi tulirithi kwa Waingereza maneno yaliyotoka katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, "kinyume cha maumbile", ambayo sasa yamo katika kifungu chetu cha 154, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Tunapomwambia Mzungu kwamba tunalinda mila zetu, tunamsomea andiko lake mwenyewe.

Swali langu ni hili: serikali inapowatumia raia wachache kuonyesha uhuru wake mbele ya mataifa, na mataifa hayo yakajibu kwa kuzuia fedha, anayeumia ni nani? Mwaka 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga. Wizara ya Mambo ya Nje ikasema huo ni msimamo wake binafsi, lakini baadaye Denmark ikazuia msaada wa krona milioni 65.

MCHANGIAJI, Kasulu

Ndugu mwanzisha mada, nakushukuru kwa historia, ila mti uliopandwa na mgeni ukamwagiliwa na mwenyeji ni wa mwenyeji. Adhabu ya miaka 30 hatukuachiwa na Mwingereza. Bunge letu liliiweka mwaka 1998 kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Burundi nayo, ambayo Wabelgiji hawakuiachia sheria hiyo, iliitunga yenyewe Aprili 2009. Waislamu kwa Wakristo wa mkoa huu wanaikubali, na sioni kwa nini sauti yao ihesabiwe kuwa ya kuazima.

MWANZISHA MADA

Hoja ya 1998 naikubali, na nilipaswa kuitaja mwenyewe. Burundi, hata hivyo, itazame kwa karibu: Seneti ilikikataa kifungu kile, chama tawala kikaitisha maandamano Bujumbura mwezi Machi, kisha Bunge likakirudisha, uchaguzi wa 2010 ukiwa umekaribia. Hapo mimi naona mkono wa chama kuliko mila.

Kuhusu wahisani tunakaribiana kuliko unavyodhani. Mwaka 2011, David Cameron alipotishia kupunguza misaada, Waziri wetu Bernard Membe alikataa hadharani. Wanaharakati wa Afrika wanaotetea mashoga nao walikataa, kwa tamko la pamoja, wakieleza kwamba fedha zikikatwa wao ndio watakaolaumiwa na majirani zao. Uganda imewathibitisha: Benki ya Dunia ilisitisha mikopo mipya Agosti 2023, lakini Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria ya nchi hiyo dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, iliyosababisha usitishaji huo, isimame. Botswana njia ilikuwa nyingine; kijana wa nchi hiyo alikwenda mahakamani, akashinda mwaka 2019, na rufaa ya serikali ikatupwa mwaka 2021.

Lakini ukumbuke pia kwamba mwaka 2016 serikali yetu ilizuia ugawaji wa vilainishi (jeli inayotumiwa pamoja na kondomu), na mwaka uliofuata ikafunga huduma za VVU katika vituo vilivyokuwa vikiwahudumia watu hawa. Kijana wa Ujiji anayeogopa kumweleza daktari ukweli anaishi kati yetu. Wewe unayewasemea waumini wa mkoa huu, nakuomba unieleze ungependa akatibiwe wapi.