Kindle ama Kobo nikiwa huku Kisumu? Naomba ushauri
Habari zenu wadau. Dada yangu anaishi Ujerumani na Desemba anakuja nyumbani, amesema ataniletea kifaa cha kusomea vitabu, Kindle ama Kobo, nichague tu. Mimi napenda kusoma sana lakini simu inanichosha macho, tena mchana nikikaa pale Dunga juani kioo hakionyeshi kitu, na hivi vifaa skrini yake iko kama karatasi, jua likiwaka ndio unaona vizuri. Na chaji inakaa wiki kadhaa, kwa hizi stima zetu za kupotea hapo nimeshawishika kabisa.

Sasa shida ni akaunti. Akikisajili huko kwake itabaki ya Ujerumani na kadi yake, na mimi nataka kununua vitabu mwenyewe kwa kadi yangu ya hapa. Kuna mtu amebadilisha nchi kwa akaunti ya Kindle ikakubali, na vitabu vya mwanzo vikabaki? Kobo naipendea inafungua EPUB (aina ya faili za vitabu) moja kwa moja, Kindle mpaka uitume kwanza ibadilishwe. Halafu nina PDF nyingi za Kiswahili, maandishi madogo kweli, kwa skrini ya inchi 6 zinasomeka ama ni kuvuta vuta kila ukurasa? Mwenye anatumia hapa Kisumu ama Nakuru tafadhali anisaidie kabla dada hajanunua.