Tupeane uzoefu: amplifaya ya valvu kwa theremini na ala nyingine zisizo gitaa

Mwambao (Tanga)
Waungwana, salaam. Nimepata theremini, ile ala ya Mrusi Leon Theremin inayopigwa bila kuguswa. Mkono wa kulia unatafuta noti hewani karibu na antena iliyosimama, wa kushoto unapanda na kushuka juu ya antena ya kitanzi kuongeza na kupunguza sauti. Watoto wa jirani hapa Chumbageni wanasema napunga pepo. Waache waseme.

Amplifaya ninayotumia ni ndogo ya transista, na sauti inatoka nyembamba kama mluzi wa birika. Nataka ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Sihitaji orodha za matangazo, hizo ninazo. Aliyewahi kupitisha ala ya umeme isiyo gitaa kwenye valvu aseme alitumia nini, na ilimkalia vipi kwa umeme wetu na chumvi ya pwani hii.

Tashkota_Makorora
Wa alaykum salaam. Theremini sijaigusa (na nasikia haiguswi), mimi ni wa tashkota, ile ala ya taarabu ya nyuzi na vitufe, yenye pikapu (kidaka-sauti). Napigia Vox AC15, valvu mbili za EL84, wati 15. Kilichoniridhisha ni sauti ya kati. Amplifaya nyingi za gitaa za mtindo wa Fender zinapungua pale katikati, gitaa linang'aa, lakini ala inayobeba wimbo wa taarabu mbele ya violini na akodiani inazama.

Halafu kuna huku kukwaruza kwa valvu ukipandisha volyumu. Ukipiga noti kadhaa kwa pamoja, zinagombana, unapata uchafu. Ukipiga noti moja moja, valvu inaongezea tu sauti za juu za noti ileile (harmoniki) na sauti inanenepa. Theremini haitoi noti mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo wewe ndiye hasa wa kufaidi. Volyumu ipandishe taratibu, usiogope kamkwaruzo kidogo.

Fundi_Ngamiani
Nasoma watu wanazungumzia utamu, ngoja niseme ya umeme. Amplifaya iliyotoka Marekani imeandikwa volti 120 mgongoni. Hapa ukutani ni 230. Ukiichomeka hivyohivyo utanusa mwenyewe. Tafuta ya 230, ama transfoma ya kushushia yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye mashine, si ile ya chaja. Na kumbuka umeme wao ni wa hezi 60, wetu 50. Transfoma ya ndani iliyopimiwa 60 tu inapata moto zaidi huku.

Jambo ambalo wapiga theremini hawaambiwi: ala hiyo inapima mwili wako dhidi ya ardhi. Isipopata ethi (waya wa kwenda ardhini), noti zinatangatanga na spika inavuma. Mara nyingi ethi yake inapitia waya wa sauti hadi kwenye amplifaya, na ya amplifaya inapitia plagi ya pini tatu. Nyumba za zamani hapa Ngamiani soketi ina tundu tatu lakini nyuma ya ile ya tatu hakuna waya. Transfoma nyingi za kushushia nazo zina matundu mawili tu, ethi inakatikia hapo. Kabla hujalaumu ala, mwite fundi wa nyumba apime. Na asithubutu mtu kukata pini ya ethi ili mvumo uishe.

Mengine mawili. Usiwashe mashine ya valvu bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na usifungue mgongo kwa kuwa tu umeshazima: ndani kuna volti zaidi ya 300 na kapasita (vihifadhi umeme) hukaa nazo.

Msanii_Baga
Niko Bagamoyo, nimesoma chuo cha sanaa cha TaSUBa. Kwenye bendi yetu kuna mwenzangu wa sintesaiza ya zamani. Tumejaribu Fender Twin Reverb: wati 85, spika mbili za inchi 12, na uzito unaokaribia kilo 30. Safi sana, haikwaruzi hata ukipandisha, ila kuipandisha jukwaani unahitaji wabeba mizigo wa bandarini. Kwa ukumbi mdogo ni ubadhirifu.

Tukahamia Deluxe Reverb, wati 22, valvu mbili za 6V6, spika moja ya inchi 12. Hapo ndipo tulipobaki. Mwambao, ala yako ikiwa inatoa sauti kwa kiwango cha mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), ni kubwa kuliko ya gitaa, na tundu la kwanza la Fender litaikwaruza mapema. Chomeka tundu la 2, linapunguza nusu. Chagua chaneli yenye vibrato, maana kwenye Deluxe ile ya kawaida haina mwangwi, na theremini bila mwangwi naona inakuwa kavu mno.

Kukwaruza kukizidi, badilisha valvu ya kwanza ya chaneli hiyo. 12AX7 inakuza mara 100 hivi, 12AT7 mara 60, 12AU7 chini ya 20. Pini ni zilezile. Fundi akufanyie. Chumvi inashambulia soketi za valvu, kwa hiyo tunaifunika amplifaya kwa kitambaa, na fundi anasafisha pini sauti ikianza kukatika.

Mzee_wa_Mikisa
Kwa nini mnajitesa? Ingiza kwenye mikisa, weka mwangwi, maliza. Spika za gitaa zenyewe zinaishia kwenye hezi 5,000 hivi.

Tashkota_Makorora
Shekhe, kuishia huko ndiko tunakotaka. Ule ukali na msisimko wa juu unaachwa nyuma. Na theremini za kwanza za RCA, 1929, zilikuwa na valvu tumboni. Si uzushi wetu.

Mwambao (Tanga)
Nimesoma yote. Twin naiacha, mgongo wangu nauhitaji. Imebaki AC15 na Deluxe, na Deluxe niliyoonyeshwa ni ya 120. Fundi, ya Vox nikiiona ina 230 mgongoni niinunue hata kama mwangwi nitautafuta kando? Na niiweke wapi? Nikiisogeza karibu noti zinahama.

Fundi_Ngamiani
Zinahama kwa sababu sanduku lina chuma na theremini inahesabu kila kinachoikaribia. Iweke nyuma yako, spika ielekee usawa wa sikio, mbali na antena zote mbili, kisha usiisogeze tena ukishatuni. Ya 230 chukua, mwangwi utapatikana. Ila kwanza nitafutie tesa (kipima umeme) hapo kwako Jumamosi tuangalie hiyo soketi, mimi yangu ameazima kijana wa Pongwe.