MJADALA: Stesheni ya kijijini isiyo na abiria ifungwe? Tuanze na kisa cha Dettenhausen, Ujerumani

Mzee wa Behewa la Tatu:

Wakuu, salaam. Kila reli ikitajwa kuna hoja haikosi: stesheni ndogo za vijijini zinakula hela ya umma, abiria hawaonekani, zifungwe watu wapande basi. Naomba tuijadili kwa mfano wa Ujerumani, maana kule walishafunga, wengine wakafungua tena, na matokeo yanaonekana.

Dettenhausen ni kijiji kusini mwa Stuttgart, pembeni ya msitu wa Schönbuch. Zamani kilisifika kwa machimbo ya mawe na mafundi wa kuyachonga. Reli ya ufalme wa Württemberg (dola ya zamani ya eneo hilo) ilitoka mji wa Böblingen mwaka 1910 ikaishia Weil im Schönbuch, na mwaka 1911 ikasogea hadi Dettenhausen. Hapo ndipo mwisho wa njia. Kilomita 17 tu. Kwa njia za vijijini kama hizi Württemberg walikuwa na ramani za stesheni zilizokwisha kuchorwa, kwa saizi tofauti, kijiji kinapewa saizi yake kama mwanafunzi anavyopewa sare: dirisha la tiketi, chumba cha kusubiria, ghala la mizigo la mbao ubavuni. Kwenye saizi kubwa, mkuu wa stesheni aliishi ghorofani na familia yake.

Mwaka 1915 kampuni ya Daimler ikafungua kiwanda Sindelfingen, pua na mdomo na Böblingen. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda hicho kikawa kinatoa magari kwa wingi, mishahara ikapanda, na watu wa vijiji vile vile wakaanza kuyanunua. Treni ya abiria ikaondolewa mwaka 1966, basi likachukua nafasi. Mizigo iliendelea kupita kwa muda, na reli haikung'olewa. Hilo la mwisho lishikeni, nitalirudia.

Desemba 1993 wilaya mbili, Böblingen na Tübingen, ziliunda chombo cha pamoja na kuinunua njia nzima kwa bei ya mark 1, fedha ya Ujerumani kabla ya euro. Ndiyo, moja. Mwaka uliofuata mashirika ya reli ya Ujerumani Mashariki na Magharibi yakaunganishwa kuwa Deutsche Bahn AG, na kuanzia 1996 majimbo ndiyo yakawa yanaagiza treni za mikoani kwa fedha kutoka serikali kuu. Desemba 1996 viberenge vipya vya dizeli vikaanza kwenda Dettenhausen, kwa ratiba ya kueleweka. Wataalamu walitabiri abiria 2,500 kwa siku. Walivuka idadi hiyo mapema, na miaka ya baadaye wakapita 7,000. Watu ni wale wale, msitu ni ule ule.

Kwa hiyo msimamo wangu: ukipunguza treni hadi mbili kwa siku, ya alfajiri na ya jioni, kisha ukaenda kuhesabu vichwa jukwaani, unahesabu ubovu wa ratiba yako mwenyewe. Hiyo haiwezi kuwa sababu ya kufunga. Nawasilisha.

Mchumi Mkavu:

Mkuu, heshima kwako, ila mfano umeuchagua mtamu. Dettenhausen si kijiji cha porini. Ncha ya pili ya njia kuna Böblingen, kuna viwanda, kuna treni ya kuunganisha hadi Stuttgart. Hata ungeweka mkokoteni ungejaa.

Mbona hukututajia mji wa Calw? Ni jimbo hilo hilo, si mbali na hapo. Reli ilifika 1872, treni ya abiria ikaondolewa mwaka 1983 kwenye kipande cha kutoka Weil der Stadt, na wilaya ikanunua njia miaka ya 90 kama hao wenzao. Makadirio ya kuifufua yalianza kwenye euro milioni 50 hivi. Yakapita milioni 200! Na sehemu ya balaa hilo ni popo. Wamehamia ndani ya mahandaki mawili ya zamani, wanalala humo kipindi cha baridi, na sheria inawalinda. Ikabidi ndani ya handaki wajenge ukuta, treni ipite upande mmoja, popo walale upande mwingine. Sicheki, ndivyo ilivyo. Hela hiyo ingenunua mabasi mangapi?

Binti Ngamiani:

Mnisamehe naingiza ya nyumbani. Mwaka huo huo 1911 Wajerumani hao hao walifikisha reli ya Usambara Moshi, kutoka kwetu Tanga. Na treni ya abiria ya Dar kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019, mwezi ule ule Dettenhausen walipofungua tena njia yao baada ya kuwekewa umeme. Najua ni bahati tu. Ila wanaosema "reli ya zamani imeshakufa, iacheni" nao wapo pande zote mbili, kwetu na kwao.

Mzee wa Behewa la Tatu:

Binti, umenifurahisha.

Mchumi, Calw unaitumia kunipinga wakati inanibeba mimi. Wale popo hawakuingia handakini treni ikiwa inapita. Waliingia baada ya kimya cha miaka. Gharama unayoilalamikia ni bei ya kufunga, imekuja kulipwa na kizazi kingine. Dettenhausen ilifufuka kwa urahisi kwa sababu mizigo iliendelea kupita baada ya 1966 na ardhi haikukatwa viwanja. Ujerumani ardhi ya reli haigeuki kiwanja kwa sababu treni imekoma. Mpaka mamlaka itamke rasmi kwamba imeondolewa kwenye matumizi ya reli. Kipengele hicho cha sheria kimeokoa njia nyingi kuliko hotuba zote.

Kuhusu viwanda vya Böblingen nakubaliana nawe: treni haizalishi ajira kijijini, inawapeleka watu zilipo. Kijiji ambacho mwisho wa njia yake hauna mji, sikitetei.

Fundi Saa:

Nyote mnaongelea treni. Mimi nauliza stesheni. Deutsche Bahn imeuza majengo kwa maelfu. Sehemu nyingi ukishuka unakuta kibanda cha kioo, mashine ya tiketi, na nyuma yake jengo la mawe limefungwa mbao madirishani. Chooni utaenda wapi?

Leutkirch, mji mdogo wa eneo la Allgäu kusini mwa Ujerumani, wananchi walianzisha ushirika mwaka 2010, hisa moja euro 1,000, wakakusanya zaidi ya milioni moja wakalikarabati jengo la mwaka 1889. Leo lina mgahawa na ofisi.

Mchumi Mkavu:

Fundi, Leutkirch treni hazikuwahi kukoma, na wakazi wana euro 1,000 za kuweka kwenye jengo. Mzee, nikuulize moja: hicho kijiji usichokitetea, bibi wa miaka 80 asiyeendesha gari afikaje hospitali? Maana hapo ndipo mimi na basi langu tunapoingia, na sijaona ukilijibu.

Mzee wa Behewa la Tatu:

Basi, ndiyo. Lakini liwe na ratiba, na lifike saa hiyo hiyo hata Jumapili. Ukiliendesha kama walivyoendesha treni kabla ya kuifunga, baada ya miaka mitano utakuja hapa na uzi mwingine wa kulifunga nalo.